Risasi za Kimya za Saio

Honorine alikuwa amechoka na mbwa. Alikuwa amechoka na mambo mengi, na ukimwuliza angekutajia mpaka ujute kumwuliza, lakini siku hizi mbwa ndio waliotangulia. Yeye alikuwa muuguzi wa mifugo wa mtaa wa Saio, hapa mjini Bunia, kazi aliyoisomea ili atibu ng'ombe. Ng'ombe wenyewe walikwisha kuporwa au kuhamishwa mbali, akabaki na kuku wa watu na mbwa wenye kichaa. Chanjo ya mbwa iliahidiwa tangu mvua za mwaka jana, na mpaka leo kilichofika ni maneno ya kuomba subira. Basi mbwa akishikwa na kichaa Saio, chanjo yake ni Honorine na bunduki ya ofisi.

Bunduki yenyewe ilikuwa ndogo, ile watu wanayoiita vingt-deux, ya kuwindia ndege na sungura. Iliachwa na mwenye shamba la kahawa aliyeondoka zamani bila kuaga mtu. Ilikuwa na sifa moja nzuri: ilijipakia yenyewe. Ukipiga, nguvu ya risasi inasukuma chuma nyuma, ganda linaruka nje, risasi nyingine inaingia, na wewe kazi yako ni kuvuta kidole tu. Ilikuwa na kasoro moja pia, ingawa kasoro hiyo ni ya mji zaidi kuliko ya bunduki. Ililia. Mahali pengine mlio ule ungeitwa mdogo, lakini Bunia hatuna mlio mdogo wa bunduki.

Mara ya mwisho aliipiga mchana kweupe, karibu na kambi ya watu waliokimbia vita vya Djugu. Mbwa alianguka palepale. Halafu kambi nzima ikainuka. Sufuria zilimwagika, turubai zilichanika, mwanamke mmoja alianguka akavunjika mkono, maduka yakafungwa mpaka kule barabara kubwa. Askari walipofika walimkuta Honorine amesimama peke yake na mbwa aliyekufa miguuni, akieleza, akieleza tena, na hakuna aliyemsikiliza. Hayo yote angeyabeba. Amezoea kubeba. Lakini alipofika nyumbani alikuta mlango wazi, sombe, mboga ya majani ya muhogo, limeungua jikoni, na mama yake hayupo.

Mama yake, Bibiane, alikuwa amekimbia na kandambili mguu mmoja. Walimpata kesho yake jioni mbali sana kwenye barabara ya Mahagi, amekaa kando ya lori lililoharibika, hajui jina lake wala la binti yake. Alikaa wiki nyingi akitazama ukuta. Ndiyo kwanza sasa alikuwa ameanza kula vizuri, na kucheka na mjukuu wake Gracia, mtoto wa miaka mitatu ambaye hata jiwe lingecheka naye. Honorine alikuwa haombi tena amani, wala mshahara kufika kwa wakati, wala mumewe kupatikana kwenye simu huko Mongbwalu kwenye dhahabu. Aliomba kitu kimoja: mama asikimbie tena. Alijua kabisa kwamba akikimbia mara nyingine, hatapatikana akiwa mzima.

Hofu ile ilitoka Bule, kijiji walichoishi zamani, na wote nyumbani walijua siku yake. Miaka minne nyuma Honorine alikwenda Ariwara kuchanja mbuzi wa sokoni, akamwachia mama yake mtoto wake wa kwanza, Élisée, mtoto wa miezi saba. Washambuliaji waliingia Bule alfajiri. Bibiane aliposikia bunduki alikimbia na mtoto mgongoni, akajificha kwenye shamba la mtama, na alipotoka huko mtoto alikuwa amekufa. "Ni baridi," Bibiane alisema, na hakuongeza neno. Sasa, blanketi zito la nyumba, lile lenye picha ya simba, Honorine alikuwa ameondoka nalo Ariwara kwa sababu ya baridi ya juu ya lori. Hakuna aliyemlaumu. Alijilaumu mwenyewe, na alifanya kazi hiyo vizuri kuliko ambavyo mtu mwingine angeifanya. Tangu siku ile hakujifunika blanketi lile tena. Lilikaa kwenye sanduku, na yeye alijifunika kikwembe, kitambaa chepesi cha kujifunga, hata siku za mvua, akikohoa.

Basi akaja Félicien, shefu wa kartie, yaani mkuu wa mtaa, mtu mwema mwenye kelele, kofia yake mkononi.

"Dokta, ile mbwa ya manjano imeuma tena. Saa hii imeuma fundi wa matofali. Inatoka mate, inatembea upande upande. Lazima ikufe."

"Nitaiua."

"Na bunduki yako ile? Hapana. Siye tulishachoka kukimbia."

"Sasa weye unataka nifanye nini, shefu? Niiombe ijinyonge?"

"Tafuta akili. Si ni weye ulisoma?"

Sumu walikwisha kuijaribu siku za nyuma. Iliua nguruwe wa jirani na bata wa paroko, mbwa hata mmoja hakuigusa. Honorine akamweleza shida yake mwenzake wa ofisini, Orly, ambaye alikuwa akisafiri Ariwara mara kwa mara na kujua kila kinachovuka mpaka kwa karatasi na bila karatasi. Orly alirudi na kiboksi kidogo cha risasi, safari hii kwa karatasi ya ofisi, akakiweka mezani kwa madaha ya bwana harusi.

"Hizi iko polepole kuliko sauti," alisema. "Zile zingine zinapasua hewa, njo maana zinalia vile. Hii inapita tu, kama mutu mwenye amechelewa misa."

"Na ubaya wake?"

"Haina nguvu ya kurudisha chuma. Bunduki yako haitajipakia yenyewe, utavuta na mukono kila mara. Na inaanguka chini kidogo, ulenge juu."

"Ni hiyo tu?"

"Ni hiyo tu. Weye unapenda kutafuta matatizo."

Alikwenda kuzijaribu kwenye shimo la matofali, mahali ambapo watu hupiga udongo mchana kutwa. Aliweka kopo la maziwa juu ya kichuguu, akapiga. Puf. Sauti ya mtu anayekung'uta nguo mbichi mara moja. Mafundi hawakuinua hata vichwa. Honorine alicheka peke yake, kitu ambacho hakukumbuka lini alikifanya mara ya mwisho. Alitazama bunduki: chuma kimerudi nusu tu, ganda limebanwa mlangoni, nusu ndani nusu nje, kama Orly alivyosema. Akakishika chuma cha pembeni, akakivuta mpaka mwisho, akakiachia. Krak-chak. Ganda likaanguka, risasi nyingine ikaingia.

Fundi mmoja aliyekuwa karibu, mtu wa kule kambini, aliweka chini kibao chake cha matofali, taratibu, bila kusema kitu, akatembea akaenda nyuma ya tanuru. Honorine alimwona akienda. Alidhani anakwenda kukojoa.

Nyumbani alimkuta mama yake akimsuka Gracia nywele uani. Alichuchumaa mbele yake.

"Mama, tumepata masasi mupya. Haina kulia. Hata nikipiga hapa karibu, hautasikia kitu."

Bibiane aliacha kusuka. "Kweli?"

"Kweli, mama. Nimejaribu mwenyewe."

"Asante, mwana wangu," alisema mama, na mchana huo alilala usingizi mzito, mdomo wazi, mkono juu ya tumbo. Honorine alisimama mlangoni akimtazama. Alijisikia ametenda jambo la maana, na nadhani si vibaya mtu mchovu kujisikia hivyo mara moja moja.

Mbwa wa manjano alijitokeza baada ya siku chache, asubuhi, soko limeshachangamka. Honorine alikuwa ofisini. Félicien aliingia mbio, safari hii bila kofia.

"Dokta! Ile mbwa iko kwako! Mu parseli yako, nyuma ya choo!"

Hakukumbuka alivyofika. Alikumbuka bunduki ikimpiga mgongoni na pumzi ikimwisha kwenye kile kilima kidogo cha Saio ambacho siku zote hukilaani. Félicien alimfuata nyuma, na kwa mara ya kwanza tangu amjue alikuwa kimya. Waliingia kwa upande wa nyuma, penye uwazi wa ua wa mianzi.

Mambo yalikuwa hivi. Mama yake alikuwa ameketi mkekani mbele ya jiko la nje, anachagua maharagi kwenye ungo. Gracia alikuwa kando yake akipanga mawe na kuyasemesha. Na mbwa alikuwa kati ya choo na mgomba, kichwa chini, mate yakining'inia, anatembea hatua mbili mbele na moja upande. Mama hakuwa amemwona. Kumwita mama kungekuwa kumwita na mbwa. Honorine alipiga goti, akapakia, akiwa bado mbali upande wa nyuma, akalenga.

Puf.

Mama hakuinua kichwa. Aliokota jiwe dogo kwenye maharagi akalitupa. Moyo wa Honorine ulijaa furaha. Lakini mbwa hakuanguka. Kwa haraka Honorine alikuwa amelenga kama alivyozoea miaka yote, si juu kidogo kama alivyoambiwa, na risasi ilimpata mbwa chini, mguuni. Alizunguka, akajiuma, akageuka kuelekea uani. Honorine akavuta kidole tena, kwa mazoea yaleyale. Hakuna kitu. Bunduki ilikuwa imekaa na ganda lake mdomoni, inamtazama.

Akasogea mbele hatua kadhaa apate nafasi, akafika kwenye kona ya jiko, nyuma kabisa ya mama. Akashika chuma, akakivuta.

Krak-chak.

Mikono ya Bibiane ilisimama juu ya ungo. Honorine aliona hilo kwa pembe ya jicho. Alisubiri mama aruke, akimbie, apige kelele. Mama hakukimbia. Aliuweka ungo chini polepole, hata haragwe moja halikulia, akamvuta Gracia kifuani, akalala naye ubavu nyuma ya kuni, akamfunika kwa mwili wake wote. Hakutoa sauti yoyote. Afadhali, Honorine alifikiri. Hakukimbia. Ninamshukuru Mungu, hakukimbia.

Akalenga juu. Puf. Mbwa aliketi, kama aliyechoka kuliko wote, halafu akalala.

Sasa, mbwa wa kichaa huwezi kumwamini kwa sababu amelala. Ndivyo walivyofundishwa na ndivyo alivyofanya: akakoki tena, krak-chak, akasogea pole, akamgusa kwa mtutu, akatazama jicho, akahakikisha. Félicien alikuwa nyuma yake ananong'ona kwa furaha, "Hakuna mutu alisikia, Dokta! Hakuna hata mutu moja!" Honorine akageuka amwambie mama kwamba kazi imekwisha.

Aliona miguu ya Gracia. Ilitokeza chini ya kikwembe cha bibi yake, miguu midogo yenye vumbi, na ilikuwa inapiga chini. Ilipiga kwa nguvu. Halafu ilipiga kwa uvivu.

Bunduki aliitupa. Alifika kwenye kuni kwa magoti, akajaribu kumgeuza mama yake, na mama hakugeuka. Mkono wa Bibiane ulikuwa umefunika mdomo wa mtoto na pua yake pamoja, vidole vimekaza, na macho ya mtoto yalikuwa makubwa.

"Mama, achilia! Ni mimi! Mama!"

"Nyamaza," Bibiane alinong'ona. Hakuwa anamtazama binti yake. Alikuwa anatazama mbele, kwenye kitu kilichokuwa kinapita karibu sana. "Nyamaza. Wako wanapita. Ukilia, siye wote tunakufa. Élisée, nyamaza. Nyamaza, mwana wangu, Élisée."

Honorine alifungua vidole vile kimoja kimoja. Vilikuwa na nguvu ambazo hakujua mama yake bado anazo. Kilipofunguka cha mwisho Gracia alivuta pumzi kwa sauti mbaya, akatapika kidogo, halafu akalia. Akalia kwa kelele zote alizopewa, na Honorine akamshika kifuani, akiomba mtoto asinyamaze.

Félicien alisimama hajui aweke wapi mikono yake. Alikuwa amesikia jina. Saio nzima ilijua mtoto yule alikuwa nani na alikufa kwa nini, au ilidhani inajua. Mwishowe alimfunga mbwa kwenye gunia, akasema polepole, "Nitaenda kuizika, Mama Gracia," akaondoka bila kumwita Dokta.

Mvua ilikuja mchana ule, ile mvua ya Bunia inayoleta baridi ya ghafla. Waliingia ndani. Gracia alikuwa amelala, amechoka na kulia. Bibiane alikuwa amerudi, kama tunavyosema, maana macho yake yalijua tena yalipo. Aliketi kwenye kiti cha chini karibu na mlango, mikono mapajani, na hakuiangalia mikono hiyo.

Honorine alikaa sakafuni. Alitaka kunyamaza. Alikuwa na haki ya kunyamaza, amechoka hivyo.

"Mama," alisema. "Élisée alikufa na nini?"

"Na baridi."

"Mama."

Mvua ilipiga bati.

"Walikuwa karibu kama ile ukuta. Mutu moja alikoki bunduki yake. Hakupiga. Alikoki tu, akasimama, akasikiliza. Élisée alianza kulia. Nilimushika. Alinyamaza vizuri. Nilifikiri analala. Nilifurahi kama analala, Honorine. Nilisema, ona mutoto mwenye akili."

Honorine alilia bila kujizuia. Alimwonea mama yake huruma, na ndani ya huruma ileile ikapanda hasira, kali, ya miaka minne, hasira ya kila usiku aliolala kwa kikwembe akitetemeka kwa makusudi.

"Na blanketi?" alisema. "Uliniona mwaka na mwaka. Uliniona nakohoa. Uliniacha nifikiri ni mimi nilimuua, sababu ya blanketi. Kwa nini, mama?"

Bibiane alijibu upesi. Inaonekana jibu hilo alikuwa nalo siku nyingi.

"Kama ningesema, weye ungekaa na mimi?"

Honorine alitafuta jibu. Alilitafuta kwa uaminifu, kwa sababu mama yake alikuwa anangoja, na kwa sababu uongo mdogo wa kufariji ungetosha na ungekuwa rahisi. Hakuupata. Ndiyo hakuweza kusema, na hapana pia hakuweza kusema.

"Saa hii niko hapa," alisema.

"Ndiyo," alisema mama.

Baridi iliingia chini ya mlango. Bibiane alianza kutetemeka, lile tetemeko la watu wazima linaloanzia mabegani. Honorine aliinuka kwa shida, magoti yamechubuka, akafungua sanduku, akatoa blanketi lenye picha ya simba. Lilinuka naftalini. Alilikung'uta, akalitandaza kitandani juu ya Gracia aliyelala, akamwita mama yake kwa kichwa tu. Bibiane alisita.

"Njoo, mama. Utaugua."

Bibiane akaja, akavua kandambili, akapanda upande wa mtoto, kama alivyozoea siku zote.

"Hapana," Honorine alisema, kwa upole. "Upande ule."

Bibiane alimtazama. Alielewa, na hakubisha. Akazunguka kitanda, akalala ukutani. Honorine aliingia chini ya blanketi kwa mara ya kwanza tangu Bule. Lilikuwa la joto, la joto kabisa, na hilo lilimuumiza. Alimvuta Gracia upande wake wa nje. Mkono wa mama yake aliutafuta nyuma yake, akauleta mbele, akaushika kwa mikono yake miwili juu ya tumbo lake. Hivyo ndivyo alivyolala, katikati, bila kuuachia.